Tairi ya Mbele ya Lori la Joel

Siku ya kwanza niliingia gereji ya kiwanda nikiwa na ufagio mkononi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, kiwanda cha majani chai upande wa Sosiot. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akaniacha na watoto wanne na mistari michache ya chai. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Nilijua kuandika jina langu, Raeli, na kuhesabu magunia, basi.

Fundi Mkuu wa gereji alikuwa Bwana Odhiambo, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, ovaroli yake imepigwa pasi mpaka mifukoni. Alinitazama kutoka kichwa hadi viatu.

"Wewe ndiye mama wa kufagia?"

"Ni mimi, bwana."

"Sikiza. Usiguse kitu chenye grisi, na usiguse kitu kinachong'aa."

"Sasa nitagusa nini?"

"Ufagio," akasema, na mafundi wakacheka.

Mchana huo huo fundi wa pancha alikuwa akiziba tyubu ya trekta. Tyubu ni ule mpira wa ndani unaoshika upepo. Alikuwa akiikwaruza, anapaka gundi, anabandika kiraka, na kiraka kinatoka. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mimi nilikuwa nafagia na ninaona. Huko kwetu sotet ikipata ufa, yaani kile kibuyu cha maziwa, mama haitupi. Anaushona ufa kwa uzi, pole pole, kila kitu kikauke kwanza. Nimeshona vibuyu tangu nikiwa msichana. Nikashindwa kunyamaza.

"Ngojeni gundi ikauke ndipo mbandike."

Bwana Odhiambo akatoa kichwa chini ya boneti. "Nani amesema hivyo?"

Mafundi wakanigeukia.

"Ni ufagio, bwana," nikasema.

Alicheka mpaka akajifuta macho. Wakangoja gundi ikauke, kiraka kikashika. Kabla chai hazijakatwa matawi mwaka ule, nilikuwa nimehamishwa kutoka kwa ufagio hadi sehemu ya pancha, mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoendesha magari na pikipiki kwenye milima yetu. Kuandika nilijifunza baadaye kazini, na mjukuu wangu Chebet ndiye ananishikia kalamu mahali mkono unapochoka. Mambo ya kazi nitayasema kama nilivyofundishwa. Mengine nitayasema kwa sababu nimeambiwa niyaseme, na ni haki.

Bwana Odhiambo alinifundisha kwa kuniuliza maswali. Siku moja alipiga lori teke kwenye gurudumu.

"Mama, hii lori inashikwa na barabara kwa kitu gani?"

"Kwa uzito wake, bwana."

Akachutama, akaweka kiganja chake sakafuni. "Kwa hii. Gurudumu moja, kiganja kimoja. Injini, bodi, majani, dereva, wote maisha yao yako kwa viganja sita. Kazi yako ni kuangalia viganja."

Kwa hivyo niliangalia viganja. Nilijifunza kwamba meno ya tairi si pambo, ni mitaro. Kwenye lami yanatoa maji, kwenye matope yanauma udongo, na gurudumu likizunguka yanautema. Tairi ya kipara haina mahali pa kupeleka maji, kwa hivyo inapanda juu yake na kuelea kama bata, na dereva anazungusha usukani bila kuambiwa kitu. Nilijifunza upepo. Ukizidi, tairi inasimama kwa tumbo lake, katikati tu, na kiganja kinakuwa kidogo. Ukipungua, inakanyaga kwa mabega, na mbavu zake zinakunjwa kunjwa mpaka zinachemka na kukatika. Upepo unapimwa asubuhi tairi ikiwa baridi, wala si kwa kuipiga teke kama wengi wenu mnavyofanya. Nyuma ya lori kuna tairi pacha, mbili mbili, na pacha lazima walingane kimo. Mmoja akiwa mfupi, mwenzake anabeba mzigo wa wawili.

Malori ya majani yana tabia yao. Majani hayabanwi, yakibanwa yanaungua, kwa hivyo magunia hutundikwa kwenye ndoano ndani ya bodi. Uzito si mwingi, lakini uko juu na unaning'inia. Lori likikata kona, magunia yanabaki nyuma kidogo kisha yanakuja yote kwa pamoja na kusukuma upande. Dereva mgeni alikuwa anaogopa sana. Dereva mzoefu anaingia kona pole pole na anakuwa ameshapunguza gia kabla ya mteremko, si katikati yake.

Madereva wetu walikuwa sita na majina yao bado ninayo yote: Kiprotich, Ouma, Samuel Kimutai, Cheruiyot, Mzee Barnaba, na Joel arap Maritim. Kuhusu wale watano sina neno. Ninayotaka kueleza ni ya Joel.

Joel hakuwa na maneno mengi. Aliendesha kama mtu aliyebeba maziwa kichwani. Siku moja ya utelezi alinipandisha kando yake tukiwa tunapeleka tairi kituo cha kupimia majani, na mkia wa lori ukaanza kwenda kushoto. Mimi nilishika mlango na kuita mama yangu. Yeye akatoa mguu kwa breki, akapeleka usukani kushoto, kule kule mkia ulikokwenda, kidogo tu, na lori likajinyoosha.

"Kobot Kibet," akasema, maana kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wangu ni Kibet, "mama yako amefika?"

"Nyamaza uendeshe."

"Nauliza tu. Ulimwita kwa sauti, nikadhani tutampa lifti."

Ndivyo alivyokuwa.

Sasa kuna kazi inaitwa kuchonga. Tairi za lori zingine huwa na mpira wa ziada chini ya meno. Meno yakiisha, fundi anachoma kisu chenye mdomo wa kupinda motoni, anakata mitaro upya. Bwana Odhiambo aliruhusu, lakini kwa sheria mbili. Ya kwanza, pima mpira uliobaki na msumari wenye alama. Msumari ukikataa kuingia hadi alama, tairi imekufa, iondoe. Ya pili, tairi iliyochongwa haiendi mbele hata siku moja.

"Nyuma ikipasuka, pacha wake atashika," alisema. "Mbele hana pacha."

Mkono wangu ulikuwa mzuri kwa kuchonga. Nasema hivyo bila kujisifu, maana nimemaliza kujisifu. Mistari yangu ilikuwa imenyooka kuliko ya kiwandani. Madereva wa kampuni zingine walikuwa wanasimama kuangalia. Walisema, "Nenda kwa yule mama, anarudishia tairi ujana." Nilikuwa nasikia na kujifanya sisikii. Usiku nikilala nayasikia tena.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa miaka ya tisini iliyokataa kukatika. Barabara za udongo mwekundu zikawa sabuni. Tulifunga cheni kwenye magurudumu ya nyuma na bado malori yalilala mitaroni. Tairi zilikuwa zinaisha haraka na mpya hazifiki kwa sababu barabara za kuzileta zilikuwa zimekatika. Bwana Odhiambo akaenda likizo kwao, maana mvua ilikuwa imebomoa nyumba yake. Ofisini akabaki Ofisa wa Usafiri, Bwana Langat, mtu wa kalamu, ambaye hakuwahi kushika spana lakini alijua kuita mtu kwa heshima akitaka kitu.

Alikuja gereji adhuhuri.

"Kobot Kibet, lori la Joel halitoki?"

"Haiwezi, bwana. Mbele kushoto imeisha, na stoo hakuna kitu."

"Majani yamelala vituo vitatu tangu jana. Ukiingiza mkono kwa gunia unaungua. Wakulima wananipigia kelele. Mimi nimpigie nani?"

"Tumngoje Fundi Mkuu."

"Fundi Mkuu yuko kwao. Mimi niko hapa na wewe uko hapa." Akainama, akaigusa ile tairi kwa kidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto. "Kericho yote wanasema kuna fundi mmoja tu. Ama ni maneno ya watu?"

Nataka muelewe sawasawa. Hakuniambia nitafukuzwa. Hakunitisha kwa lolote. Alinisifu tu. Na magunia yangu mawili pia yalikuwa kwenye kituo kimoja kati ya vile vitatu. Hilo nalo niliseme.

Nikachukua msumari, nikapima. Haukufika kwenye alama, hata nusu. Kazi ilipaswa kuishia hapo. Nikachoma kisu. Nikachonga mtaro wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu nikaona nyuzi. Ndani ya mpira wa tairi kuna nyuzi, ndizo mifupa yake. Ukiziona, umefika kwenye mfupa. Zilikuwa nyeupe, safi. Moyo ukaniambia acha, mkono ukamaliza mstari, maana mstari ulikuwa umenyooka. Nikachanganya masizi na rangi ya viatu, nikapaka nyuzi zote mpaka zikawa nyeusi. Tairi ikapendeza. Mungu anisamehe, nilisimama nyuma kidogo nikaiangalia jinsi ilivyopendeza.

Joel akaja na karani wa majani, Benard Otieno, kijana mpole wa miwani aliyekuwa anasafiri naye na mizani ya kupimia kwenye vituo. Joel akazunguka lori kama desturi yake. Alipofika mbele kushoto akasimama.

"Hii si ile ilikuwa imeisha?"

"Nimeshughulikia."

"Iko sawa ya kwenda mbele?"

"Enda tu, Arap Maritim. Majani yanaungua."

"Ukisema wewe, ninaenda." Akapanda.

Lori lilipakia vituo viwili. Likiwa linateremka kuelekea darajani, kwenye kona ya mwisho, tairi ya mbele kushoto ikapasuka. Pua ya lori ikageuka, magunia yote yakaja upande mmoja, na lori likalala ndani ya chai. Joel alitoka na mikwaruzo. Benard alikuwa upande wa mlango ulioenda chini. Mguu wake ulibanwa kutoka goti. Walimtoa kwa kukata bati. Hospitalini mguu haukukatwa, lakini haukukunjika tena.

Mimi nilitumwa na trekta kwenda kubadilisha gurudumu ili lori livutwe. Niliikuta tairi yangu imefunguka kwenye mtaro wa tatu, kama ganda la ndizi. Watu walikuwa wengi lakini wote walikuwa wanaangalia lori, hakuna aliyeangalia tairi. Nikaifungua, nikaipakia kwa trekta, nikaifunika na gunia. Sikuipeleka gereji. Niliipeleka soko la Sosiot, kwa fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa gari. Nikampa bure. Alishangaa sana, akaniombea baraka.

Baada ya juma moja tukaitwa ofisi ya Meneja. Meneja mezani, Bwana Langat pembeni na kalamu, Joel amesimama ameshika kofia, na mimi mlangoni.

"Maritim," Meneja akasema, "eleza."

"Nilisikia mlio kwanza, bwana. Paa! Halafu usukani ukanikataa."

"Kwa hivyo tairi ilipasuka kabla ya kuanguka? Haikupasuka kwa kugonga mawe?"

"Ilipasuka kwanza. Nilikuwa pole pole."

"Tairi iko wapi?"

Bwana Langat akasema tairi iliharibika kabisa, ikatupwa. Hakuinua macho. Meneja akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye wa tairi. Ile tairi ilikuwa katika hali gani ilipotoka hapa?"

Nilikuwa na watoto wanne, lakini sikuwafikiria. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walifikiria watoto. Mimi nilifikiria yale maneno, anarudishia tairi ujana.

"Ilikuwa nzuri, bwana," nikasema.

Joel aligeuka akaniangalia. Kama angekasirika ingekuwa afadhali. Aliniangalia kama mtu anayetafuta kitu ambacho ameweka mwenyewe akasahau wapi. Alijua mimi siwezi kudanganya juu ya tairi. Kwa hivyo akaanza kutafuta kosa ndani yake mwenyewe, pale pale, tukimwona. Akaikunja kofia.

"Labda," akasema, "labda nilikuwa nakimbia kidogo."

Bwana Langat akaandika hayo. Joel akafukuzwa kazi kwa mwendo wa kasi na kuumiza mfanyakazi, na hakuna kiwanda kilichompa lori tena.

Bwana Odhiambo aliporudi aliuliza swali moja tu, tairi iko wapi. Nikamwambia ilitupwa. Akaenda kwenye benchi yangu, akachukua kile kisu cha kuchonga, akanusa mdomo wake, akakitia mfukoni mwa ovaroli yake safi. Kutoka siku hiyo hakuniuliza tena swali la kunifundisha, na kwa mtu kama yeye hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alistaafu akarudi kwao, na nikasikia amekufa. Sikumwambia.

Miaka miwili niliishi na zile akala. Kulikuwa na mvua, na barabara ya kwenda kanisani ni ya udongo. Nilikuwa naona nyayo za watu mbele yangu, na kati ya nyayo naona mistari yangu, ile iliyonyooka, imechapwa kwenye matope mpaka mlango wa kanisa. Nilijifunza kutembea nikiangalia miti.

Mimi nilipandishwa cheo. Nilihamishwa hadi gereji ndogo upande wa Bomet, karibu na Longisa, kuwa msimamizi wa stoo ya tairi, na funguo shingoni. Huko nikawa mkali. Msumari wangu ulipima kila tairi kila Jumatatu. Dereva akiniambia "mama, inaweza wiki moja tena," nilikuwa naitoboa mbele yake ili asinibembeleze. Waliniita Mama Upepo, wakasema sijui kucheka. Walidhani ni bidii. Mtu akinisifu kwa ukali ule nilikuwa natoka nje nijifanye natafuta kitu.

Siku ya kustaafu walinifanyia sherehe. Msimamizi wa Kanda alisimama akasema kwamba katika miaka yote ya utumishi wa mama huyu, hakuna gari hata moja lililoanguka kwa sababu ya tairi. Watu wakapiga makofi. Wakanifunika blanketi mabegani, nikasimama nayo wakapiga picha. Blanketi hiyo iko hapa. Sijawahi kujifunika.

Ningekufa hivyo, nadhani. Lakini baada ya kurudi nyumbani Sosiot, kanisa liliita mkutano wa vijana wa boda boda, maana walikuwa wanaumia sana barabarani. Na nani akaitwa kuwashauri? Joel arap Maritim. Nywele zimekuwa nyeupe. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama nyuma. Akasimama na fimbo yake, akasema:

"Mimi nilikuwa dereva. Nilikimbia kwa kona, nikavunja mguu wa kijana wa watu. Mwendo, watoto wangu. Ni mwendo. Msiwe kama mimi."

Vijana walimsikiza. Nikaona kwamba ile siku ofisini alitafuta kosa ndani yake, na hakuacha kutafuta mpaka akaliona. Hata kama halikuwepo.

Siku ya tatu nikaenda kwake. Alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani ya nepia kwa panga. Mke wake Esther alikuwa jikoni. Tukasalimiana, akaniuliza habari ya magoti yangu. Nikaona nikikaa chini sitasema, nikasema nikiwa nimesimama.

"Arap Maritim, wewe hukuwa unakimbia."

"Lini?"

"Siku ya daraja. Ile tairi niliichonga mimi. Ilikuwa imekufa. Niliona nyuzi, nikazipaka rangi."

Panga likasimama. "Sema tena."

Nikasema tena, na ya msumari, na ya ofisini, na ya akala. Alisikiza yote akiwa ameinama.

"Nilisema nilisikia mlio kwanza," akasema.

"Ulisikia mlio kwanza."

"Nikaacha kuamini masikio yangu." Akaketi juu ya rundo la nepia. "Unajua nilienda kwa mama yake Benard? Nilipanda gari mpaka kwao, na jogoo mkononi. Nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikamwambia, mama, nilikuwa nakimbia, nisamehe. Akanishika kichwa akalia. Ile toba nilitubu ya nani?"

"Ya kwangu."

"Basi nirudishie."

Ng'ombe alikuwa anavuta nepia kutoka chini yake na hakumzuia. Baadaye akasema, sauti ya chini, "Na huyu aliye jikoni. Kila tukikosa kitu, yeye huniambia, ni miguu yako mizito kwa mafuta ndiyo ilituleta hapa. Nami nanyamaza, maana najua ni kweli. Miaka yote hii. Nanyamaza."

"Nitasimama kanisani Jumapili niseme," nikamwambia.

"Hapana." Alikataa haraka. "Ukisimama kanisani utalia. Watu watalia, wataimba, watakushika mkono, na utarudi nyumbani ukiwa shujaa. Sitaki. Andika. Karatasi hailii."

Basi nimeandika. Kwa Benard bado sijaenda. Nasema bado, lakini ukweli ni kwamba nimefika stendi mara mbili nikarudi.

Vijana, mkitaka maneno ya mzee kuhusu tairi, haya hapa. Mume wa Chebet ana gari dogo ambalo lina taa yenye picha ya gari na mikia miwili kama nyoka nyuma yake. Aliniambia barabara ikiwa na utelezi, taa hiyo inawaka, na gari lenyewe linashika gurudumu moja moja kwa breki na kupunguza nguvu za injini mpaka linyooke. Nilifurahi, maana hiyo ndiyo kazi Joel alikuwa anaifanya kwa mkono na mguu. Kisha nikainama nikaangalia tairi zake. Zilikuwa kipara. Nikamwambia, hiyo akili ya gari inaamrisha viganja, na viganja vyako havina ngozi, itaamrisha nini? Akasema mwezi ujao. Nikamwambia mimi ndiye mtu aliyeambiwa "ukisema wewe, ninaenda." Sasa nasema usiende. Alikasirika kidogo, akaenda kununua.

Na wewe uliye fundi: siku moja atakuja mtu mwenye haraka ya kweli, si mtu mbaya, na atakusifu. Ukimaliza kusifiwa, pima na msumari. Msumari ukikataa, sema umekataa. Dereva hawezi kuona nyuzi zilizopakwa rangi. Yeye anaona uso wako tu.

Hii sehemu ya mwisho nimeiongeza baada ya kumpelekea Joel maandishi haya asikie kabla hayajatoka. Chebet alimsomea, mimi nikiwa nimesimama karibu na mlango. Alisikiza kidevu kikiwa juu ya fimbo. Pale pa mama yangu kupewa lifti alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka, akaacha. Chebet alipofika ofisini kwa Meneja, akainua mkono.

"Ngoja. Esther! Wacha hiyo sufuria. Kuja hapa."

Esther akaja na unga mikononi, akasimama. "Nini tena?"

"Soma tena hapo ofisini," Joel akamwambia Chebet.

Chebet akaniangalia.

"Usimwangalie huyo. Soma."

Akasoma. Alipomaliza, Esther hakunitazama. Alikuwa anamtazama mume wake, na unga unakauka kwenye vidole.

"Kwa hivyo ulikuwa pole pole," akasema.

"Nilikuwa pole pole."

Esther akavuta kiti, akakiweka karibu na cha mume wake mpaka miguu ya viti ikagongana, akaketi. Mimi sikuambiwa niketi, wala sikuambiwa niende.

"Anzia mwanzo kabisa," akamwambia Chebet. "Usiruke kitu. Mimi sijasikia chochote."